Kombe Kwanza, Vijana Mwakani

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Kikao cha klabu. Mwenyekiti wetu wa hoki, Bwana Hassan wa malori, ametoa mpango wake. Mwaka huu kombe kwa njia yoyote. Mwakani wote waliopita miaka thelathini nje, tuanze upya na vijana. Na njia yenyewe ndiyo hii: Kakamega wamechukua Waliaula wetu, winga wa miaka kumi na tisa — sisi tumepewa Abeid, fulbeki wa arobaini na moja! Nimejumlisha umri wa mafulbeki wetu wawili. Themanini na tatu.

Mimi golikipa, thelathini na nne. Nikauliza, na tukikosa kombe? Akasema basi wazee watabaki mwaka mmoja zaidi wajaribu tena. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Miaka saba langoni, pedi nimejishonea mwenyewe kwa turubai na sufi, hakuna aliyenipa hata kamba. Hesabu haina ugumu: tukishinda, natoka. Tukishindwa, nabaki.

Jumatano, 11 Agosti

Abeid hakimbii! Anatembea tu kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka, halafu mpira unamfikia. Nimemtazama mpaka nikasahau lango — mbili zikapita. Vijana wanamwita Guka, yaani babu, wanamuuliza kama alikuja Kisumu kwa miguu reli ikijengwa. Anawajibu kwamba ndiyo, na babu zao ndio walimbebea mzigo.

Baadaye nikamuuliza siri yake. Akasema haangalii mpira, anaangalia bega. Stiki ina upande mmoja tu wa kupigia, kwa hiyo mtu lazima ajigeuze kwanza. Kumbe. Miaka saba nimekuwa nikiangalia miguu.

Jumapili, 22 Agosti

Nusu fainali tumepita, moja bila. Mechi nne na Abeid, goli moja tu limeingia. Kabla yake ilikuwa mbili kila mechi.

Kakamega nao wamepita. Waliaula kafunga magoli yote mawili. Ndiyo, tutacheza naye! Katika kubadilishana wachezaji hakuna aliyekumbuka kusema asicheze dhidi yetu. Bwana Hassan anasema alidhani Kakamega watatolewa mapema.

Mke wangu ameniuliza kama kweli nataka kushinda. Nimemwambia aniongezee chai.

Jumanne, 24 Agosti

Mazoezi. Uwanja umemwagiwa maji, umeshindiliwa, mgumu kama sakafu. Nimebaki peke yangu na Abeid, ananipigia, nazuia. Magoti yamevimba. Sijui najiumiza hivi kwa faida gani.

Jumamosi, 28 Agosti

Fainali haijaisha.

Sare, goli moja kwa moja. Dakika za mwisho Waliaula akanipita, lango wazi, Abeid akajitupa akazuia mpira kwa kifua. Asiye golikipa haruhusiwi kuzuia kwa mwili: penalti. Kabla haijapigwa mvua ikatoka ziwani kama ukuta, chokaa yote ya mistari ikaoshwa. Refa ameamua: kesho baada ya ibada, tuanzie hapo hapo. Waliaula atapiga, mimi nitasimama.

Nikafungua duka langu la useremala, Abeid akakaa juu ya mbao zangu akikanda mbavu. Mara Waliaula huyo mlangoni, maji yanamchuruzika, stiki imepasuka shingoni. Hapa mjini fundi wa stiki ni mimi tu, na yeye hajui kupiga na ya kuazima. Akasema, "Baba Mumbi, ukikataa sitakasirika."

Nimeipokea. Kazi ni kazi. Amesema ataipitia asubuhi, akaondoka akikimbia.

Gundi, kisha uzi. Nikamkumbusha Abeid kwamba tukishinda, sisi wawili tunakwenda nyumbani. Akasema yeye amekwisha pelekwa nyumbani na klabu mbili, na kote aliacha kombe. Halafu akaona mikono yangu.

"Kaza vizuri, Kangethe. Asije akasema ni stiki."

Nikaangalia nilivyofunga. Uzi umelegea. Mimi, ambaye watu wanatoka hata kule Mamboleo kuniletea kazi! Stiki hii ingevunjika kwenye pigo la kwanza, Waliaula abaki na ya kuazima — na kombe lingekuwa letu, na mimi nje. Mkono umechagua bila kuniuliza.

Nimefumua wote. Abeid ameshika upande mmoja, mimi huu mwingine, tunavuta uzi ukaze.