Ukuta Aliouvunja Penisimani

Auckland, 14 Agosti 2023

Kwa Shangazi Lesieli,

Shikamoo Shangazi. Nimefika salama na wa nyumbani kwangu hawajambo, ila Melenaite ana mafua, na anaringa nayo kwa sababu yamemwepusha na shule. Vipi goti lako? Na Baba, je, anakula?

Naandika kwa karatasi kama ulivyoagiza, maana ulisema ujumbe wa simu si barua, ni kikohozi. Samahani tumepishana. Ulipokuwa huko mji mkuu, Nuku'alofa, kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, nami nilikuwa nakuandalia jambo, na ndege yangu haikungoja urudi. Sasa umeshaliona.

Mwaka wa kumi na tano huu nafunga mitambo ya sinema katika nyumba za watu, wengine hata majina yao siyakumbuki. Hiyo yako ndiyo ya kwanza niliyoifunga huku naimba. Ule ukuta kati ya sebule na chumba cha mbele ulinitoa jasho kuubomoa, lakini sasa picha ina nafasi yake: skrini pana kama ukuta wenyewe, spika sita, intaneti humo humo, na vile viti viwili vya ngozi ubavu kwa ubavu. Kimoja chako, kimoja cha Baba.

Nikwambie kilicho moyoni. Tangu Mama afariki na Baba arudi huko kwenu kisiwani, analala katika kile kijumba cha nyuma, anakula peke yake, anazungumza na kuku. Nikimpigia anasema "sijambo, sijambo," kisha anakata. Wewe, dada yake wa pekee, uko hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake. Nimeleta sinema ili jioni mkae pamoja. Ikifika Mei bado yuko vile, nitakuja kumchukua akae kwangu. Chumba kipo.

Mwanao,
Penisimani

*

Neiafu, Vava'u, 9 Septemba 2023

Mwanangu Penisimani,

Salamu zako zimefika zikiwa na joto lake. Goti langu linatabiri mvua kabla ya redio, kwa hiyo usilionee huruma, lina kazi. Mpe Melenaite maji ya ndimu na umpeleke shule.

Niliporudi nilikuta nyumba yangu ina uwazi kuliko kanisa. Nilisimama kidogo pale mlangoni. Picha ni nzuri sana, mwanangu, Mungu akubariki mikono. Kina mama wa kanisa wanakuja kila Jumatano kutazama mahubiri, na mahubiri yakiisha wanatazama Wakorea wakilia. Kiti chako kinameza watu. Mke wa mchungaji alikaa, na ilibidi wawili tumvute.

Baba yako hajambo. Anakula.

Shangazi yako,
Lesieli

*

Auckland, 2 Oktoba 2023

Shangazi,

Shikamoo, na pole na shughuli. Sisi wazima. Mafua yameondoka, maringo yamebaki.

Barua yako ilikuwa fupi, nami nimekujua tangu nikiwa na meno ya utoto. Shangazi hana barua fupi. Halafu kuna jambo jingine. Ile sinema naiona kutoka huku kwenye simu yangu, ndivyo tunavyofanya ili kitu kikiharibika tujue. Siioni picha mnayotazama, usiogope. Naona tu saa ilipowashwa na ilipozimwa. Inawaka Jumatano mchana. Siku nyingine zote inawashwa jioni saa kumi na mbili na nusu, baada ya dakika tatu inazimwa. Dakika tatu, Shangazi! Hata habari hazijaisha.

Baba hapendi? Mmegombana? Niambie. Kama ni hivyo, sioni haja ya kungoja Mei. Desemba nakuja kumchukua.

Mwanao,
Penisimani

*

Auckland, 20 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Wiki saba sasa na sijapata neno. Nimepiga simu, Baba akapokea, akasema sijambo, akakata. Kama nimekukosea, nikemee. Kukemewa na wewe nimezoea, kimya chako ndicho sikiwezi.

Mwanao

*

Neiafu, 28 Novemba 2023

Penisimani,

Mimi mzima. Baba yako mzima. Sasa kaa chini.

Barua hii nimeianza mara nne. Nimefundisha shule miaka thelathini na nane na sijawahi kuona haya mbele ya ubao, lakini jambo hili sijawahi kumweleza mtu, kwa kuwa kila niliyekua naye alilijua bila kuambiwa. Ndugu wa kike na wa kiume hawakai kutazama picha pamoja. Hawakai chumba kimoja wakicheka upuuzi. Unafikiri kile kijumba cha nyuma kilijengwa kwa ajili ya kuku? Baba yako alihamia mle akiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu dada yake alikuwa ndani ya nyumba kubwa. Hakufukuzwa. Ndivyo kijana anavyomheshimu dada yake, na kwetu dada ndiye mkubwa kwa heshima.

Nikupe kisa kimoja tu. Zamani walikuwa wakionyesha filamu katika ukumbi pale bandarini. Samiuela, baba yako, alikuwa mgonjwa wa filamu. Siku moja alipanga foleni tangu mchana, akapata nafasi ya mbele kabisa. Taa hazijazimwa, mimi nikaingia na wenzangu. Aliniona. Akainuka, akatoka, hakugeuka hata mara moja. Wenzangu walinisifu: "Kaka yako ana adabu huyo!" Nami nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu nilijua alivyoitamani ile filamu. Tangu siku ile sikukanyaga tena ukumbini, ili yeye aingie bila kuangalia nyuma. Hajui. Na wewe usimwambie.

Sasa wewe umekuja na nyundo yako, ukavunja ukuta na kutuwekea viti viwili mfano wa bwana na bibi harusi! Tunachofanya ni hiki. Jioni nakaa, nawasha. Samiuela anafika mlangoni, ananiona, anarudi. Nami namwona anarudi, naona nimemnyima, nazima, naingia jikoni ili apate nafasi. Yeye akikuta kiti kitupu anaona amemfukuza dada yake katika nyumba yake mwenyewe, anaenda zake. Hizo ndizo dakika zako tatu. Kabla ya nyundo yako tulikuwa tunasalimiana humu nyumbani, yeye akipita chumba cha mbele, mimi nikifuma mkeka nyuma ya ukuta. Leo ukuta haupo na hata salamu tumekosa pa kuipitishia.

Utauliza mbona hakukuzuia. Nyumba ni ya dada yake, hana neno ndani yake. Na nadhani aliona aibu, kwa kuwa jambo hili yeye ndiye aliyepaswa kukufundisha.

Usimchukue. Nakuomba, na unajua siombi ovyo. Alikaa miaka arobaini kiwandani huko kwenu akiota kulala tena katika kile kijumba. Ukimtoa sasa hatarudi akiwa hai.

Shangazi yako,
Lesieli

*

Auckland, 11 Desemba 2023

Shangazi wangu,

Shikamoo kwa magoti yote mawili. Nimeisoma barua yako nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya mteja, nikachelewa kuingia.

Sisi tulizaliwa wavulana watatu. Hapakuwa na dada wa kutufanya tujifunze. Najua kupima umbali wa kiti na skrini, najua spika ya nyuma iwekwe wapi, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote nani anakaa na nani. Naona aibu, Shangazi, nasema kweli.

Nakuja Januari. Ukuta nitaurudisha kwa mikono yangu. Ile skrini kubwa itabaki sebuleni kwa kina mama wa Jumatano. Nitakufungia runinga jikoni, karibu na dirisha la uani, na nyingine kijumbani kwa Baba. Zote zitatumia intaneti moja, kwa hiyo mkitaka mtatazama kitu kilekile kwa wakati uleule, kila mtu kwake.

Lakini tarehe ya Mei siwezi kuifuta. Nikimpa kila mmoja runinga yake, si nitakuwa na wapweke wawili badala ya mmoja? Nitamtazama Baba mwenyewe. Naomba usinichukie.

Mwanao,
Penisimani

*

Neiafu, 18 Machi 2024

Mwanangu,

Salamu kwako, kwa mkeo, na kwa Melenaite. Goti limetulia, mvua zimepungua.

Ukuta wako mpya umenyooka kuliko wa zamani, sina la kusahihisha. Runinga ya jikoni imenizoea, nami nachambua majani ya magimbi huku natazama. Kijumbani kwa Samiuela naona mwanga wa buluu dirishani, na wakicheza raga nasikia akimtukana refa hadi kuku wanakimbia. Nikisikia hivyo nami naweka raga. Sijui hata sheria zake. Akipiga kelele najua tumefunga, akinyamaza najua tumefungwa, siangalii sana skrini.

Ila sahani yake bado narudishiwa nusu. Sitakuficha. Na juzi aliniuliza, akiwa anatazama pembeni: "Eti dada, Auckland Mei kuna baridi?" Nikajibu kuna baridi kali. Akasema, "Basi nitafute sweta." Nilienda kuwasha moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Umesema Melenaite atasema shairi kanisani kwenu Jumapili ya watoto, na kanisa litaonyeshwa mtandaoni. Nampelekea humu yale maneno ya Nuhu na njiwa aliyotufundisha mama yetu, mimi na baba yako tukiwa wadogo. Ayashike vizuri. Runinga siku ya Bwana sijawahi kuiwasha, lakini ibada ni ibada.

Shangazi yako

*

Neiafu, 7 Mei 2024

Penisimani, mwanangu,

Amani iwe nyumbani kwako. Sisi wazima, na leo naandika bila miwani, furaha inanitosha kuona.

Jumapili tulitoka kanisani kwetu, tukafukua chakula kwenye shimo la mawe ya moto, kila mtu akala kwake. Saa kumi kasoro nikakaa jikoni, nimejifunga kiunoni mkeka wangu wa ibada kama niko kanisani kwenu. Mara nasikia mtu anakohoa uani.

"Dada."

"Niko hapa."

"Runinga yangu imezimika. Nadhani ni mvua."

Mvua ilikuwa imenyesha kubwa, unajua huku kwetu. Na Jumapili fundi gani atagusa waya? Ndani hawezi kuingia. Nami siwezi kumwachia jikoni nikamkosa mtoto. Tukabaki hivyo, yeye nje, mimi ndani, kama wale wa dakika tatu.

Kisha nikasikia kiti kinaburutwa. Aliketi chini ya dirisha, mgongo umegemea ukuta, uso kwenye migomba. Hakutazama ndani hata kidogo. Akasema, "Wewe nitazamie."

Nikaongeza sauti, nikaanza. "Wanaingia sasa. Wamevaa nyeupe. Penisimani amenenepa." Akacheka! "Melenaite yule, wa tatu. Amefungwa mkanda wa marehemu… wa mkeo, Samiuela, ule wenye shanga."

Mtoto akaanza vizuri, kichwa juu. Alipofika "Njiwa hakupata pa kutua," akakwama. Uliona mwenyewe. Macho yanakutafuta. Nami kabla sijajijua nimefungua kinywa, na nje ya dirisha naye amefungua, tukatoa sauti moja, kama tulivyosimama mbele ya mama yetu tukiwa na miaka sita na minane: "akarudi alikotoka." Na mtoto akayasema hayohayo! Najua hakutusikia. Samiuela hakubali. Mpaka sasa anadai alimsikia.

Tulikaa mpaka baraka ya mwisho. Kisha akaniomba sahani, akala yote palepale chini ya dirisha, akaomba tena.

Sasa ni Mei. Neno lako ulilitoa. Njoo uangalie.

Shangazi yako,
Lesieli

*

Auckland, 20 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Melenaite amekuwa mtu mashuhuri, anataka picha yake iwekwe kwenye friji. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani, mke wangu akalia, nami nikasema ni kitunguu.

Siji kumchukua Baba. Sweta alilotafuta ampe kuku.

Lakini kama fundi lazima niseme jambo, na libaki kati yetu. Niliangalia simu yangu. Runinga ya Baba ilizimika saa kumi kasoro dakika kumi, kabla tu ya ibada. Ya jikoni haikuyumba. Halafu ya Baba ikawaka tena yenyewe jioni, sahani ya pili ikiwa imeisha. Mvua haizimi runinga moja ikaiwasha tena, Shangazi. Ni mtu aliyechomoa waya, kisha akaurudisha.

Usimwambie kwamba najua. Nimefunga sinema nyingi kwa miaka kumi na tano, na hakuna hata moja niliyoifunga vizuri kama Baba alivyoifunga ile kwa kiti kimoja.

Mwanao,
Penisimani

*

Neiafu, 6 Juni 2024

Mwanangu,

Sisi wazima sana. Goti halina habari, hapa hapajanyesha tangu Aprili.

Waya niliuona Jumapili ileile nilipompelekea chai. Ulikuwa sakafuni, naye akaukanyaga kwa mguu nisiuone. Nikamwambia, "Pole na mvua." Akaniambia, "Ilikuwa kubwa, dada." Ndiyo mvua niliyokuandikia.

Sasa mvua hiyo inanyesha kila jioni saa kumi na mbili na nusu. Amejipigilia benchi chini ya dirisha langu. Usitume fundi. Tuma mto wa kukalia.

Shangazi yako,
Lesieli