Mikono ya Mashinisti

Kwa Ngoie, mujukuu wangu,

Huku Kamina tuko muzuri: mama yako alimaliza kuvuna mihindi, goti yangu inalalamika kidogo tu ku ngazi ya kanisa. Kumbe weye pia utakuwa infirmiere, muuguzi kama miye! Unauliza namna gani tunaachia mugonjwa mwenye mufuko wa choo arudi ku nyumba.

Mwaka wangu wa kwanza ku hopitali, walipasua mashinisti mumoja wa treni. Choo yake ikaanza kupitia ku tumbo, ndani ya mufuko. Siku ya kutoka nilifundisha muke yake kila kitu, mugonjwa mwenyewe akiangalia ukuta. Nikasema: «Papa, unaweza kwenda.»

Akanigeukia. «Mama, kwetu treni haiondoke kama mashinisti mwenyewe hajajaribu freni, ile breki. Mikono yangu haijajaribu kitu.»

Nikarudisha karatasi ya kutoka, nikamuletea beseni. Siku tatu alibadilisha mufuko mwenyewe mbele yangu, mpaka mikono yake ikazoea kazi. Tangu pale, hakuna mugonjwa wangu aliyetoka kwa kusema tu «nimesikia».

Yule papa alipofika mulangoni, na shati yake nyeupe, alipiga firimbi kwa mudomo, kama treni inaondoka. Wagonjwa wote wakacheka. Miye, mpaka leo, nikisikia treni ya kweli, ninasimama wima.

Bibi yako, Kambo