Neno Lililotangulia

Chumbani kwangu,
Jumapili asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na wifi pamoja na watoto, hasa yule wa mwisho ambaye nasikia ameanza kuota meno na sasa anang'ata kila kinachopita mbele yake. Kifua cha Baba kinaendeleaje na vumbi la malori? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu huwa nasema mengi na kueleza machache, nawe unanijua.

Ujumbe wako niliupata. Unasema majirani karibu wote wamekwisha ezua mabati yao wakahamia kwenye viwanja vipya kule juu, na kwamba bwawa limeanza kujaa. Maji yamefika kwenye shimo ambako Baba alikuwa akichimba udongo wa matofali. Lori la kuhamisha watu limekuja likaondoka, likaja tena likaondoka, na yeye amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Redio ameifunga ndani ya gunia akaiweka kwenye tanuri lake la zamani, kana kwamba anangoja iive. Hapo nilicheka, kaka, kisha nikalia. Unasema kila anayemsihi anajibiwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwamba bonde limetolewa na binti yake mwenyewe, alimsikia kwa masikio yake. Ndiyo maana umeniomba nimwandikie mistari michache tu, niseme haikuwa mimi, ilikuwa kazi, ili akubali kupanda lori kabla maji hayajafika mlangoni.

Basi ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana nadhani hata wewe hujapata kuielewa vizuri, ingawa unawatangazia wateja wako wa baiskeli kwamba dada yako ni mtu mkubwa. Sina ukubwa wowote. Nakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi pamoja na mwenzangu, mama mtu mzima aliyenifundisha kazi hii ya ukalimani. Tunavaa vipokea sauti vinavyobana masikio mpaka yanawaka moto. Anayezungumza mbele anazungumza lugha yake, nami namfuata kwa Kiswahili, nikiwa nyuma yake kwa maneno machache. Na desturi yetu ni kwamba hatusemi "mjumbe anasema kwamba." Tunasema "mimi." Akiwa waziri, basi mimi ni waziri. Nimewahi kuwa askofu asubuhi, na baada ya chakula cha mchana nikawa mfanyabiashara wa mbolea mwenye kesi. Baba alizoea kusema kwamba Chiriku hana lake, kazi yake kurudia ya watu. Kumbe nilikuja kuajiriwa kwa kosa lilelile alilokuwa akinichapia.

Mkutano wenyewe, ni miaka kadhaa sasa, ulikuwa wa nchi zote zinazokunywa mto wetu, tangu milimani unakotoka mpaka unakoingia baharini. Mvua zimekosa adabu siku hizi, wewe ni shahidi. Zinakuja kwa kishindo zinabomoa madaraja, kisha zinatoroka na kutuachia kiangazi kisichokwisha. Miaka yote kila nchi ilikuwa ikivutia maji kwake. Safari ile walikaa wakaongea, wakagombana, wakanuniana, na mwisho wakaafikiana wajenge bwawa moja la wote, litunze maji ya mvua ili yagawanywe wakati wa ukame. Wahandisi walipopima, wakasema hakuna mahali panapofaa kuliko bonde letu. Redio ya huko nyumbani ilirusha kikao cha mwisho kwa Kiswahili, maana yake ilirusha sauti yangu. Ndivyo Baba, akiwa amekaa na majirani kusubiri habari, alivyomsikia binti yake akisema tunakubali kuhama, tunakubali bonde lifunikwe na maji.

Ningeweza kuishia hapa. Ungemsomea, labda angepanda lori, na kila nilichoandika kingekuwa kweli. Ila si kweli yote, na nimeshindwa kulala na nusu yake.

Kabla ya mjumbe wetu, aliyetumwa kulisemea bonde, kusimama, alisimama mwanamke mzee kutoka mji wa mwisho kabisa wa mto, kule ambako maji ya bahari yameingia visimani. Hakushika karatasi. Alisema mama yake alipofariki, mtaa mzima haukuwa na maji ya kumwosha. Walimfuta kwa kitambaa chenye unyevu wakamzika hivyo, na tangu siku ile hapendi kuitazama mikono yake. Hayo yote niliyasema mimi, kaka, kwa ile "mimi" yetu ya kazini. Nilisema nilimfuta mama yangu kwa kitambaa. Mdomo unasema hivyo, macho yanamwona Mama yetu, siku ile alipofariki, tulipommwagia maji ndoo hii na ndoo ile bila mtu kuuliza, mpaka yakatiririka uani na kulowesha matofali mabichi ya Baba, naye wala hakuyatazama. Sikujua kwamba tulikuwa matajiri.

Kisha akasimama mjumbe wetu. Akaanza kwa Kiingereza cha mikutanoni, sisi watu wa bondeni, halafu akanyamaza. Kazi yetu ina ugonjwa wake. Ukishamzoea mtu, unaona maneno yake yanakoelekea, na ulimi unakimbilia huko kabla yake. Mwenzangu amenionya tangu mwanzo kwamba mkalimani anayetangulia ni shahidi wa uongo. Siku ile mjumbe akiwa bado ameinamisha kichwa, mimi nikasema tunakubali. Mwenzangu alinishika bega. Mjumbe hakunisikia, maana hakuwa amevaa kitu masikioni. Baada ya kitambo akainua uso, akatamka neno lilelile, likaandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo sikubadilisha chochote. Lakini katika kile kitambo, ukumbi mzima hapakuwa na aliyekubali isipokuwa mimi. Na ulimi haukuteleza, kaka. Nilitaka kulisema.

Baba hakukosea. Alinisikia sawasawa, hata pasipo kujua alichokisikia.

Sijui nilikuwa na haki gani. Nyumba si yangu, matofali si yangu, na kaburi la Mama lililojengewa kwa matofali hayo ni la Baba kuliko la mtu yeyote. Nikifikiria maji yanapanda juu yake napata uchungu ambao sina pa kuuweka. Naamka naufikiria, nateka maji bombani naufikiria. Na bado nikimkumbuka yule mama na mikono yake, najua ningekubali tena.

Kwa hiyo ile mistari michache uliyoniomba siwezi kuiandika, unisamehe. Nimeomba ruhusa kazini, nakuja wiki hii. Nitakaa chini karibu na kigoda chake. Akinifukuza nitasogea nje ya kizingiti, lakini siondoki. Na maji yakikaribia tutambeba sisi wawili, nami matusi yake nitayapokea bila kumtafsiria mtu.

Ila barua itatangulia kufika, na macho ya Baba hayasomi tena. Itabidi umsomee wewe. Msomee yote, hata pale pa redio kwenye tanuri. Ukifika kwenye neno lenyewe, usijifiche nyuma yangu kwa kusema "Chiriku anasema kwamba." Mtazame usoni usome kama nilivyoandika: mimi nilikubali, Baba. Litoke kwa sauti yako. Najua si neno lako, kwa sababu wewe ndiye uliyebaki naye na hukukubali hata siku moja. Vumilia ulitamke. Huko ndani ya kioo nakaa hivyo kila siku.

Mpe wifi mkono wangu, watoto uwakumbatie, na Baba umwekee blanketi kifuani jioni hata akikataa.

Ni mimi,
dada yako,
Chiriku