Maji Matamu ya Nguzo

Jumatatu, 3 Februari

Magunia yamekauka tena kabla ya saa nne. Jua la Kitengela halina adabu. Kazi ni ile ile: kulowesha magunia tuliyofungia nguzo za hospitali, ili zege likomae polepole lisipasuke. Maji ni matamu, yanaletwa na lori. Ya kisima cha hapa yana chumvi, na chumvi inakula vyuma vilivyo ndani ya zege. Kwa hivyo nguzo zinakunywa maji matamu. Watu tunakunywa ya chumvi.

Naserian, mfugaji wa mbuzi hapa jirani, alileta maziwa ya chai ya wafanyakazi kama kawaida, kisha akaniita kando. Koko, mama mkwe wake, ana presha. Daktari huko Kajiado amemkataza maji ya chumvi. "Mama Ndinda, niko na shida. Mtungi mmoja tu kila siku." Nikamwambia foremani atanifukuza. Ni kweli. Lakini nilimwambia hivyo nikiwa nimeshika mpira wa maji, maji yakimwagika miguuni pangu. Na huyu ndiye anayekaa na Ndinda wangu akitoka shule mpaka nimalize kazi. Hajawahi kuniambia hapana.

Nimeona aibu.

Jumanne, 4 Februari

Nimempa. Foremani hupima tangi la maji matamu kila jioni kwa kijiti, kwa hivyo ilibidi nguzo moja ikose. Nimechagua ile ya kona, karibu na ua, nikailowesha kwa maji ya kisima tunayooshea makoleo. Nguzo moja tu. Haina mdomo, haitasema.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya hivyo kila siku. Naserian anadhani tangi lina maji ya kutosha. Sijamwambia.

Koko analala vizuri sasa. Ndinda amerudi na kibuyu cha maziwa lala, zawadi yake. Foremani naye amenisifu mbele ya wenzangu, eti kazi yangu ni safi, waige. Nikacheka. Mwizi kakabidhiwa boma.

Jumanne, 11 Februari

Injinia Akoth alikuwa na wageni. Nimemsikia akiwaonyesha: hapa juu patakuwa na wodi ya akina mama wanaojifungua, na uzito wake mwingi utashuka kwenye nguzo hii. Ya kona.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Na bado jioni nimejaza mtungi.

Jumatano, 12 Februari

Unga mweupe umetoka kwenye nguzo ya kona, chini ya magunia. Nimeusugua kwa kiganja. Jioni ulikuwa umerudi. Nikafunika.

Alhamisi, 13 Februari

Sijui niuweke wapi uso wangu.

Lori la kokoto liliingia, lango likaachwa wazi, mbuzi wa Naserian wakaingia nyuma yake. Wakapita mchanga. Wakapita nguzo zote. Wakaenda moja kwa moja mpaka ile ya kona, wakavuta magunia kwa meno, wakaanza kulamba. Wanaume wa mjengo walicheka mpaka wakashika mbavu. Injinia Akoth hakucheka. Alipitisha kidole kwenye zege, akaonja, akatema.

Naserian akaja mbio kuwatoa. Foremani akamrukia mbele ya watu wote: "Wewe mama! Umeacha mbuzi zako zikojolee nguzo yetu! Sitaki kukuona hapa tena, hata hiyo maziwa uza kwingine!"

Naserian alitazama nguzo, akatazama mbuzi. Mfugaji hafundishwi mbuzi hufuata nini. Kisha akanitazama mimi. Alikuwa amejua. Alisubiri niseme kitu.

Nikainama nikaanza kukunja mpira. Mwanamke mzima, nimesimama pale nakunja mpira, na mwenzangu anatukanwa kwa ajili yangu.

Jioni Ndinda aliletwa mpaka langoni. Ameshiba, amenawishwa uso. Naserian hakungoja nimsalimu.

Ijumaa, 14 Februari

Sikulala. Asubuhi nimemfuata Injinia Akoth nikamwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza kama kuna nguzo nyingine. Nikasema hakuna. Akauliza tena. Hilo liliniuma, lakini ana haki.

Ameagiza nguzo ioshwe kwa maji matamu mchana kutwa, halafu itobolewe ipimwe. Chumvi ikiwa imefika kwenye vyuma, watabomoa. Hakunifukuza. Nimeondolewa kwenye maji, nabeba kokoto. Foremani haongei nami. Naserian ameambiwa anaweza kurudi na maziwa yake. Hajarudi. Leo tumekunywa chai ya rangi, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya nani.

Nimepita na karai kichwani nikaona jinsi maji yanavyotiririka kwenye nguzo ile. Yaliyomwagwa leo peke yake yangemtosha Koko mpaka mvua inyeshe.

Jumapili, 16 Februari

Sikwenda kanisani. Nimenunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa mwenye mkokoteni wa punda. Hupita mbele ya mlango wangu kila siku, tangu nihamie hapa. Anauza ghali, lakini ningeweza kununua siku ile ya kwanza, hata kama si kila siku. Sikufikiria kabisa. Nilitaka kuwa mwema kwa maji ya wenyewe. Hilo linanichoma kuliko mambo ya mbuzi.

Nimeubeba mwenyewe mpaka kwa Naserian. Nimemwambia nimekosa. Alinitolea kiti. Koko alikuwa ameketi kivulini. "Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai. "Iko," nikaitika.

Naserian alifungua mtungi. Akachovya kidole, akaonja. Kisha akammiminia Koko.