Mgomba wa Marwa Umechipua

Nyamwaga, Jumanne. Mvua imekatika sasa hivi, yamebaki matope.

Goti limeniuma tangu asubuhi, lakini bustani ya kikundi nimeenda. Nisipoonekana wale akina mama watasema nimekufa, waanze kugombania jembe langu.

Kazi ilikuwa kuhamisha miche ya mnavu. Mwanaume niko peke yangu. Ghati, mwenyekiti wetu, anasema mimi nimewekwa pale kutisha ndege.

Tulicheka mpaka tulipofika upande wa kaburi la Marwa, mpakani na kwa mama yake.

Marwa alifukiwa na shimo la dhahabu kiangazi kilichopita, mwili haukupatikana. Tukafanya kama tunavyofanya huku: tukazika shina la mgomba badala yake, lioze, naye apumzike. Aliyetumwa kulileta ni mwenzake wa machimboni, kijana wa Dodoma. Huyo ndizi anazijua za sokoni. Hakukata shina, aling'oa mgomba mzima na kitako chake chenye mizizi, na sisi kwa majonzi hatukuangalia. Tukafukia, tena juu juu, maana chini kuna mwamba.

Sasa masika yameingia.

Umechipua. Majani mawili, upande wa kichwa.

Ghati akanipa panga. Akasema mgomba usipooza Marwa hatalala, na mimi ni mzee, mizimu inanijua. Nikamwambia mizimu yenyewe inanikimbia. Hakucheka mtu.

Nilipoinama nikaona udongo una samadi na majivu. Hakuna kati yetu aliyeweka.

Mama yake Marwa alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya majivu.

"Tata," akaniambia taratibu, kama anayemwita baba yake, "unataka kunizikia mtoto mara ya pili?"

Mimi nina neno la kila mtu, hata padri namtania. Leo nilishusha panga. Nilisogea, akamwaga majivu yake.

Njiani Ghati alinigombeza. Anasema yule mama ameanza kutandika kitanda cha mwanawe, na tukiuacha ule mgomba atamsubiri mpaka naye afe. Ni kweli. Kesho wanataka niukate kabla yule mama hajaamka.

Panga la kikundi nimelitumbukiza chooni. Nitasema sijui lilipo.

Lakini sijatulia. Jioni nimepita pale kaburini peke yangu, nikakohoa kidogo kama mzee anayepita, kisha nikasimama.

Nilikuwa nasubiri Marwa aniamkie.