Njiwa Aliyemkataa Bwana Niliyemletea

Likasi, Kikula

Mama yangu mupenzi,

Mgongo umekuacha ulime? Na Tata, baba yetu, kikohozi kinamwachia usingizi? Minye niko muzima. Kazi ya tanuru la shaba imenipa mikono ya mwanaume, na wasichana wa huku wakiniona napita na baiskeli wanasahau wanachouza. Usicheke, Mama, ni kweli kidogo.

Habari zako nimezisoma: Baba-mkubwa amekwisha kunywa pombe na wazee wa Mwadi, na kiangazi hiki Mwadi atapandishwa treni pale Bukama aje kuwa bibi yangu. Nilifurahi hadi nikawanywesha rafiki zangu bia. Nani angenikataa, minye Ilunga? Nilifikiri hivyo mpaka njiwa aliponifundisha.

Nafuga njiwa uani kwa mwenye nyumba. Nilikuwa na jike mmoja mweusi, nikamnunulia sokoni dume jeupe, miguu ina manyoya kama amevaa soksi, kifua mbele kama mkubwa siku ya maandamano. Wafugaji wa huku huwafungia wawili ndani ya sanduku moja mpaka wazoeane. Nikawafungia, nikawatangazia majirani kwamba watu watakuja kutazama makinda yao. Kesho yake dume amejibanza pembeni, kichwa kinatoka damu. Jike hana hata unyoya uliopinda. Nilipofungua tu, akarukia bati la jirani kwa dume la kijivu lenye kidole kilichopinda, lile lililokuwa likimwinamia kila asubuhi na kumletea vijiti. Wakalishana mdomo kwa mdomo mbele ya watu wote.

Mwenye dume lile ni mwalimu wa biolojia, tunamwita Sitwaye Mwalimu, yaani Raia Mwalimu. Alicheka hadi akakaa chini. Nikamwambia jike wangu hana akili, ameacha suti amefuata matambara.

“Weye Ilunga, uliacha masomo mapema,” akasema. “Yai linatoka ndani ya mwili wa nani? Akikosea bwana, ni yeye anapoteza sana. Basi ni yeye anachagula.”

Nikamuuliza kwa nini basi wawe wawili, si bora kila mmoja azae peke yake, kelele zipungue. Akanikumbusha muhogo wako, Mama. Unakata kijiti, unapanda, mtoto anakuwa mama yuleyule. Ugonjwa ukija unaweza kumaliza shamba zima. Lakini mtoto wa wawili amechanganyika, hafanani kabisa na yeyote, na ugonjwa ukimchukua huyu unaweza kumwacha ndugu yake. Tena akasema ule mkia mrefu wa ndege mweusi wa majanini umetengenezwa na majike: mabibi wa zamani walipenda mikia mirefu, wakazaa wana wenye mikia na mabinti wenye kuipenda, kizazi baada ya kizazi, mpaka ndege mwenyewe anashindwa kuruka upepo ukivuma. Padri asisikie.

Nikauliza kama ni hivyo hata kwa watu.

“Muntu iko na kinywa,” akasema. “Anaulizwa.”

Mama, neno hilo limenikalia kifuani. Mwadi ameulizwa na nani? Katika barua yako wazee wamesema, Baba-mkubwa amesema, nadhani hata mbuzi wa mahari alisema. Mwadi tu hakusema kitu. Najua utaniambia msichana akinyamaza amekubali. Njiwa wangu naye alinyamaza nilipomfungia.

Nampenda, hapo sifanyi mchezo. Ndiyo maana naogopa. Mkienda mtoni, nyinyi wawili tu, shangazi yake asiwepo, mwambie Ilunga anauliza. Mwambie na mabaya yangu: nakoroma, najisifu, nguo nafua siku nikikumbuka. Akikubali, mpandishe treni hata kesho. Akikataa, usimnunie. Mwambie Baba-mkubwa ni minye niliyekataa, nimepata msichana wa mjini, wanitukane huko vizuri. Aibu hiyo nitaibeba, mabega ninayo.

Weye Monga, dada yangu unayemsomea Mama barua hii, fumba kinywa chako kikubwa. Nisalimie Tata, na nyanya aliyenilea. Mwambie bado nakula kama nzige. Baba-mkubwa msalimie pia, lakini usimsomee.

Minye mwana wako,
Ilunga,
mwanaume muzuri kuliko wote wa Kikula, anayengoja kusikia kama kuna anayemtaka.