Hodi ya Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi wazima. Paa tumebadilisha, halivuji tena, na kuta tumezipaka rangi ya krimu. Ungepita barabarani usingeijua nyumba yetu.

Chumba chako anakaa fundi simu, changu karani wa benki. Sebule tumeigawa kwa mbao, wanaishi wanafunzi wawili. Mimi nalala dukani. Mama yuko stoo, na usianze kunisema, mwenyewe alisema hana neno. Kila nikiapa hiki ndicho chumba cha mwisho, anatokea mtu na bei nzuri zaidi.

Siku hizi Mama hupiga hodi akitaka kupita ukumbini. Juzi karani alimwuliza, "Bibi, hapa unalipwa kiasi gani kwa kufagia?"

Mama akanitazama mimi. "Bado hatujaelewana na tajiri wangu."

Tulicheka sana. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba yeye hakucheka.

Anasema ukija likizo atakutandikia palepale stoo, kando yake, kama ulipokuwa mdogo. Godoro ameshalianika.

Sijapata mdomo wa kumwambia. Nijibu upesi kama kwako kuna nafasi ya mzee mmoja asiye na makuu, maana stoo nayo imepata mpangaji.

Ni mimi, dada yako yuleyule.